Zoezi la siku za mwezi linapotoa `None`: kurekebisha `if` na `return` hatua kwa hatua

Zoezi la siku za mwezi ni fupi, lakini limebeba karibu makosa yote ambayo anayeanza Python huyafanya kwenye masharti na funksheni. Linataka funksheni mbili. Ya kwanza, `mwaka_mrefu(mwaka)`, irudishe `True` kama mwaka una siku 366 na `False` kama una 365. Ya pili, `siku_za_mwezi(mwezi, mwaka)`, ipokee namba ya mwezi kuanzia 1 hadi 12 na irudishe idadi ya siku zake. Ikipewa mwezi usiokuwepo, kama 13, irudishe `None`, thamani ambayo Python huitumia kusema "hakuna kitu". Mwisho kabisa programu imuulize mtumiaji mwaka na mwezi, kisha imwonyeshe jibu.

Kanuni ya mwaka mrefu ni ya kalenda ya Gregori, iliyoanza kutumika mwaka 1582. Mwaka unaogawanyika kwa 4 bila baki ni mrefu, isipokuwa unaogawanyika pia kwa 100. Na huo nao unarudi kuwa mrefu endapo unagawanyika kwa 400. Ndiyo maana Februari ya mwaka 2000 ilikuwa na siku 29, ya 1900 ilikuwa na 28, na ya 2100 itakuwa na 28.

Jibu ambalo wengi huliandika mara ya kwanza hufanana na hili:

```python
def mwaka_mrefu(mwaka):
    if mwaka % 4 == 0:
        return True
    elif mwaka % 100 == 0:
        return False
    elif mwaka % 400 == 0:
        return True

def siku_za_mwezi(mwezi, mwaka):
    if mwezi == 4 or 6 or 9 or 11:
        print(30)
    if mwezi == 2:
        if mwaka_mrefu:
            print(29)
        else:
            print(28)
    else:
        print(31)

mwaka = input("Mwaka: ")
mwezi = input("Mwezi (1-12): ")
siku = siku_za_mwezi(mwezi, mwaka)
print("Mwezi huu una siku", siku)
```

Ukiiendesha na kujibu 2023, kisha 2, inatoa hivi:

```
30
31
Mwezi huu una siku None
```

Jaribu mwaka wowote na mwezi wowote, matokeo ni hayohayo. Wala hakuna ujumbe wa kosa, maana kwa Python sarufi yote iko sawa. Ugumu wa msimbo huu ni kwamba makosa yake yanafichana: ukirekebisha moja, matokeo hayawi sahihi, yanakuwa tu makosa ya aina nyingine. Mwanafunzi akiona hivyo hudhani ameharibu, anarudisha alichobadilisha, na hapo ndipo saa nzima hupotea. Dawa yake ni kurekebisha jambo moja tu, kuendesha, na kabla ya kuendesha kujiambia matokeo yatakuwa nini. Yakija ulivyotarajia, umelielewa kosa hilo hata kama jibu bado si sahihi.

## Andika majibu kabla ya kugusa msimbo

Toa kwanza ile mistari minne ya mwisho, au itangulizie alama ya `#` isisomwe. Kuandika mwaka na mwezi kwa mkono kila unapojaribu kunachosha, na aliyechoka hujaribu mara mbili akaacha. Mahali pake weka hivi:

```python
assert siku_za_mwezi(1, 2023) == 31
assert siku_za_mwezi(4, 2023) == 30
assert siku_za_mwezi(2, 2023) == 28
assert siku_za_mwezi(2, 2024) == 29
assert siku_za_mwezi(2, 1900) == 28
assert siku_za_mwezi(2, 2000) == 29
assert siku_za_mwezi(13, 2023) is None
assert mwaka_mrefu(2023) == False
print("Yote yamepita")
```

`assert` hukaa kimya ikiwa sharti lake ni kweli. Likiwa si kweli, programu inasimama hapo kwa `AssertionError` na kukuonyesha namba ya mstari. Mistari hii haikuchaguliwa ovyo: kila mmoja unapita kwenye tawi ambalo mwingine haulipiti. 2024 unapima tawi la 4, 1900 tawi la 100, 2000 tawi la 400, na 2023 unapima mwaka usioingia kwenye tawi lolote. Ukipima 2020, 2024 na 2028 peke yake, umepima tawi lilelile mara tatu.

Jambo moja la kuangalia tangu sasa: mstari wa mwezi wa 13 ungepita hata kwenye msimbo huu mbovu, kwa sababu funksheni nzima inarudisha `None` kwa kila kitu. Jaribio likipita haimaanishi funksheni ni nzima, kwa hiyo usihesabu mangapi yamepita. Tazama lipi limekwama.

## `print` inaonyesha, `return` inakabidhi

Jaribio la kwanza linakwama palepale. `siku_za_mwezi(1, 2023)` inaandika 30 na 31 kwenye skrini, halafu inarudisha `None`.

Funksheni ya Python ikifika mwisho bila kukutana na `return`, inarudisha `None`. Haijalishi imeandika nini kwenye skrini. `print` hupeleka herufi kwa msomaji aliyekaa mbele ya kompyuta. `return` hukabidhi thamani kwa mstari ulioiita funksheni. Kwenye mstari `siku = siku_za_mwezi(mwezi, mwaka)`, kinachowekwa kwenye jina `siku` ni kile kilichorudishwa tu. Kilichochapwa hakiwezi kujumlishwa, kulinganishwa wala kupelekwa kwenye funksheni nyingine.

Badilisha `print(30)` iwe `return 30`, na zile nyingine tatu vivyo hivyo. Usiandike `return print(30)`: `print` yenyewe inarudisha `None`, kwa hiyo utaiona 30 kwenye skrini na bado utakabidhiwa `None`.

`return` ina tabia ya pili, nayo ni muhimu hapa: inaifunga funksheni papo hapo. Mstari ulio chini yake kwenye tawi hilohilo hausomwi kamwe. Ndiyo maana baada ya badiliko hili hutaona tena 30 na 31 zikifuatana. Mwanzoni zilitoka zote mbili kwa sababu `if mwezi == 2` ni sharti jipya linalojitegemea, si mwendelezo wa lile la juu; Python ililipima la kwanza, ikachapa, ikashuka kulipima la pili. Hata hivyo andika `elif` hapo. `return` inakuokoa leo, lakini siku utakayoweka thamani kwenye jina badala ya kuirudisha, kosa lilelile litaibuka tena.

Wanaojaribia kwenye mstari wa amri wa Python, ule wenye `>>>`, wanakutana na mtego mwingine. Ukiandika pale `siku_za_mwezi(4, 2023)`, unaona 30 bila kuandika `print`, kwa sababu mstari wa amri huonyesha thamani yoyote isiyo `None`. Ukiuweka mstari huohuo kwenye faili, skrini inabaki tupu. Funksheni haijaharibika. Imerudisha 30, ila hakuna aliyeipokea.

Endesha sasa. Jaribio la kwanza bado linakwama, lakini kwa sababu mpya: kila mwezi una siku 30.

## `or` haikumbuki ulichosema mwanzo

Kwa maneno ya kawaida tunasema "mwezi ukiwa wa nne au wa sita au wa tisa" na tunaeleweka. Python haisomi hivyo. Mstari `if mwezi == 4 or 6 or 9 or 11:` inausoma kama masharti manne yaliyo mbalimbali: `mwezi == 4`, kisha `6`, kisha `9`, kisha `11`. Na kwa Python namba yoyote isiyo sifuri ikiwekwa mahali pa sharti huhesabiwa kuwa kweli. Mwezi ukiwa 1, sharti la kwanza si kweli, Python inakwenda kwenye 6, inaikuta si sifuri, na kazi imeishia hapo.

Marekebisho yako mawili, na yote ni sahihi:

```python
if mwezi == 4 or mwezi == 6 or mwezi == 9 or mwezi == 11:
```

```python
if mwezi in (4, 6, 9, 11):
```

La pili ni bora. Si kwa ufupi tu, bali kwa sababu halina nafasi ya kusahau `mwezi ==` katikati.

Kosa hili lina ndugu yake anayetokea mtu anapotaka kukataa: `if mwezi != 4 or mwezi != 6`. Sharti hilo ni kweli daima, kwa kuwa hakuna namba inayoweza kuwa 4 na 6 kwa wakati mmoja. Linalotakiwa ni `and`, au `if mwezi not in (4, 6)`.

Endesha tena. Januari na Aprili zinapita, Februari ya 2023 inakwama kwa kuwa imerudishiwa 29.

## Funksheni isiyo na mabano haijaitwa

Tazama `if mwaka_mrefu:`. Hakuna mabano, hakuna mwaka uliopelekwa. Hapa funksheni haijaitwa. Imetajwa jina tu. Jina la funksheni nalo ni thamani, na thamani hiyo ikiwekwa mahali pa sharti huwa kweli sikuzote. Ukitaka kuona kwa macho yako, weka `print(mwaka_mrefu)` juu ya sharti hilo, utaona kitu kinachoanza na `<function mwaka_mrefu at 0x` badala ya `True` au `False`.

Andika `if mwaka_mrefu(mwaka):`. Kuongeza `== True` mbele yake hakuna haja; funksheni yenyewe inarudisha kweli au si kweli, na `if` haihitaji zaidi ya hapo.

Kosa hili lilikuwa limefunika lingine kubwa zaidi: kwa kuwa `mwaka_mrefu` haikuwahi kuitwa, hakuna aliyejua kama ndani yake kuna tatizo. Sasa inaitwa. Februari ya 2023 inapita, ya 2024 inapita, ya 1900 inakwama.

## Mpangilio wa matawi

Hapa ndipo pa kuchukua karatasi. Fuata mwaka 1900 mstari kwa mstari kama Python inavyoufuata. `1900 % 4`, yaani baki ya 1900 ukigawanya kwa 4, ni 0, sharti ni kweli, rudisha `True`, funksheni imefungwa. Lile tawi la 100, lililowekwa makusudi kwa ajili ya mwaka kama huu, halikufikiwa. Wala haliwezi kufikiwa na mwaka wowote, kwa sababu kila namba inayogawanyika kwa 100 inagawanyika pia kwa 4. Tawi la juu huzikamata zote. La 400 halifikiki kwa sababu hiyohiyo. Matawi mawili kati ya matatu ni mapambo.

Kwenye mfululizo wa `if` na `elif`, tawi la kwanza lililo kweli hushinda, mengine hayasomwi. Kwa hiyo sharti linalochukua namba chache litangulie, linalochukua nyingi lifuate. Katika kila miaka 400, unaogawanyika kwa 400 ni mmoja, inayogawanyika kwa 100 ni minne, inayogawanyika kwa 4 ni mia moja. Mpangilio unajieleza wenyewe:

```python
def mwaka_mrefu(mwaka):
    if mwaka % 400 == 0:
        return True
    elif mwaka % 100 == 0:
        return False
    elif mwaka % 4 == 0:
        return True
```

Rudia karatasi. 1900: ukigawanya kwa 400 baki ni 300, endelea, kwa 100 baki ni 0, rudisha `False`. 2000: kwa 400 baki ni 0, rudisha `True`. 2024: kwa 400 baki ni 24, kwa 100 baki ni 24, kwa 4 baki ni 0, rudisha `True`. 2023: baki ni 23, kisha 23, kisha 3, na... hakuna tawi lililobaki. Funksheni inafika mwisho wake na kurudisha `None`.

Kosa hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa halionekani. `if mwaka_mrefu(2023):` inafanya kazi vizuri kabisa, maana `if` huchukulia `None` kama si kweli. Programu inatoa 28, kila mtu anaridhika. Lakini `mwaka_mrefu(2023) == False` inakataa, kwa sababu `None` na `False` si kitu kimoja. Mfumo wa kusahihisha mazoezi ukilinganisha ulichorudisha na `False`, utakukatalia zoezi ambalo kwako lilionekana kukamilika. Ndiyo sababu jaribio la nane liliwekwa peke yake.

Njia ya kulikamata bila kusubiri jaribio: weka kidole kwenye kila tawi na uulize, "nikipitia hapa, naondoka na nini?" Kisha uliza swali hilo kwa njia isiyoingia tawi lolote. Njia yoyote isiyoishia kwenye `return` inaishia kwenye `None`. Hapa dawa ni `else: return False`, au umbo hili ambalo ni safi zaidi:

```python
def mwaka_mrefu(mwaka):
    if mwaka % 400 == 0:
        return True
    if mwaka % 100 == 0:
        return False
    return mwaka % 4 == 0
```

Mstari wa mwisho unarudisha jibu la ulinganisho wenyewe. `mwaka % 4 == 0` tayari ni `True` au `False`; hakuna haja ya kuuliza `if` ili uandike kwa mkono kile ulichokwisha kukipata. Angalia pia kwamba ni `True` bila alama za kunukuu. Ukirudisha `"False"` yenye alama hizo, umerudisha maandishi ya herufi tano, na maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa kweli: kila mwaka utakuwa mrefu.

## `else` inayomeza kila kitu

Linalokwama sasa ni la mwezi wa 13, linalopewa siku 31. `else` haimaanishi "miezi iliyobaki". Inamaanisha chochote kile kilichobaki, ikiwemo 13, 0 na -5. Taja miezi ya siku 31 kwa namba zake, kisha uiachie njia ya mwisho irudishe `None` waziwazi:

```python
def siku_za_mwezi(mwezi, mwaka):
    if mwezi == 2:
        if mwaka_mrefu(mwaka):
            return 29
        return 28
    if mwezi in (4, 6, 9, 11):
        return 30
    if mwezi in (1, 3, 5, 7, 8, 10, 12):
        return 31
    return None
```

Python ingerudisha `None` hata bila mstari wa mwisho. Uandike tu. Atakayesoma baadaye ajue kwamba `None` hiyo imekusudiwa, haikusahauliwa.

Endesha: "Yote yamepita".

## Maandishi yanayofanana na namba

Rudisha sasa mistari minne ya `input`, ujibu 2023 na 2. Inatoka "Mwezi huu una siku None", kama mwanzo kabisa! Majaribio yamepita na programu bado inakosea, kwa hiyo funksheni si ya kulaumiwa. Tatizo liko kwenye kinachopelekwa. Weka mstari huu kabla ya kuiita:

```python
print(repr(mwezi), type(mwezi))
```

Inatoa `'2' <class 'str'>`. Alama za kunukuu ndizo ushahidi. `input` hurudisha maandishi siku zote, hata mtu akiandika tarakimu tupu, na maandishi `'2'` si sawa na namba 2. Hayamo kwenye orodha yoyote, kwa hiyo yanateleza hadi `return None`. `print(mwezi)` pekee ingekuonyesha 2 na kukupotosha, ndiyo maana `repr` inafaa zaidi wakati wa kutafuta kosa.

Wengi hapa hubadilisha `mwezi` wakasahau `mwaka`, kisha wakapata ujumbe huu:

```
TypeError: not all arguments converted during string formatting
```

Ujumbe huo unatisha kwa kuwa hautaji kugawanya wala baki. Sababu ni kwamba alama ya `%` ina kazi mbili: kwa namba hutoa baki, kwa maandishi hupachika thamani ndani ya maandishi. `"2023" % 400` imesomwa kwa maana ya pili. Ukiuona ujumbe huu kwenye mstari wa kutafuta baki, upande wa kushoto una maandishi.

```python
mwaka = int(input("Mwaka: "))
mwezi = int(input("Mwezi (1-12): "))
siku = siku_za_mwezi(mwezi, mwaka)
if siku is None:
    print("Hakuna mwezi namba", mwezi)
else:
    print("Mwezi huu una siku", siku)
```

Fanya ubadilishaji hapa, kwenye mlango wa kuingilia, si ndani ya funksheni. Funksheni inayopokea namba kamili na kurudisha namba kamili inapimika kirahisi. Inayojishughulisha na kibodi haipimiki kirahisi. Mtumiaji akiandika `Februari`, `int` itasimamisha programu kwa `ValueError: invalid literal for int() with base 10: 'Februari'`. Nafasi tupu pembeni, kama `" 2 "`, haziisumbui, `"2.0"` inaikataa.

Makosa ya sarufi hayahitaji maelezo marefu kwa sababu Python huyataja yenyewe kabla ya kuendesha chochote. `if mwezi = 2:` inataka `==`. `else if` kwa Python ni `elif`. `else` haipokei sharti. Nukta mbili zikisahaulika mwisho wa mstari wa `if`, kuanzia Python 3.10 ujumbe ni `expected ':'`. Mstari unaotajwa ukionekana hauna kosa, tazama ulio juu yake, hasa kwa mabano yasiyofungwa.

## Kuitumia thamani iliyorudishwa

Mazoezi mengi huongeza sehemu ya tatu: jumlisha siku za miezi yote upate siku za mwaka.

```python
def siku_za_mwaka(mwaka):
    jumla = 0
    for mwezi in range(1, 13):
        jumla = jumla + siku_za_mwezi(mwezi, mwaka)
    return jumla
```

Namba isiyo sahihi hapa husema yenyewe kosa liko wapi. Kwa 2023 jibu ni 365. Ukipata 31, `return jumla` imesogezwa ndani ya `for`, ikaifunga funksheni baada ya Januari. Ukipata 334, umeandika `range(1, 12)`, na `range` haifikii namba yake ya mwisho, kwa hiyo Desemba imeachwa. Ukipata `unsupported operand type(s) for +: 'int' and 'NoneType'`, kuna mwezi uliorudishiwa `None`: ama kuna `print` iliyobaki mahali pa `return`, ama umeandika `range(13)` inayoanzia 0.

Kwa kipimo kizito zaidi, jumlisha miaka 400 mfululizo:

```python
jumla = 0
for mwaka in range(2001, 2401):
    jumla = jumla + siku_za_mwaka(mwaka)
print(jumla)
```

Jibu sahihi ni 146097, yaani 400 mara 365 ukiongeza miaka mirefu 97. Ikitoka 146100, kanuni ya 100 haifanyi kazi na kila mwaka wa nne umehesabiwa kuwa mrefu. Ikitoka 146096, ya 100 ipo lakini ya 400 haifikiki. 146000 inaonyesha `mwaka_mrefu` haijawahi kukubali hata mwaka mmoja, na 146400 kwamba imekubali yote. Mara nyingi hiyo ni dalili ya mabano yaliyosahaulika.

Jumla inaweza kutoka sawa hata kama miezi miwili imebadilishana siku, kwa mfano Juni na Julai. Ili kufunga mwanya huo, linganisha na moduli ya `calendar` inayokuja pamoja na Python:

```python
import calendar

for mwaka in range(1, 3001):
    for mwezi in range(1, 13):
        yangu = siku_za_mwezi(mwezi, mwaka)
        yake = calendar.monthrange(mwaka, mwezi)[1]
        if yangu != yake:
            print(mwaka, mwezi, yangu, yake)
```

`monthrange` hurudisha thamani mbili: siku ya juma ya tarehe mosi, ikihesabiwa kuanzia 0 kwa Jumatatu, kisha idadi ya siku za mwezi. Ndiyo maana ya `[1]`. Usilipe faili lako jina `calendar.py`, la sivyo `import` italichukua lako badala ya moduli ya Python. Skrini ikibaki tupu, miezi yote 36,000 imelingana. Ikichapa mistari, soma safu ya mwezi kwanza: ikiwa ni 2 tupu, rudi kwenye `mwaka_mrefu`, ikiwa ni mwezi mwingine, namba hiyo imekaa kwenye orodha isiyo yake.